Delphi, Lazarus au Elixir: ipi ya kuandikia programu ya kuuza hapa Lamu?

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Langoni aliwahi kuniuliza swali ambalo wengi wetu tunaoandika programu hatujiulizi. Nilikuwa nimemaliza kumwonyesha skrini ya mauzo: misumari kwa kilo, saruji kwa mfuko, rangi kwa kopo, na risiti ikatoka kwenye ile printa ndogo inayochapa kwa joto. Akaichana risiti, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

“Ndoo hapa, mwanangu. Programu hii ni yangu, ni yako, au ni ya mtu wa Marekani?”

Nikamjibu pale pale kwamba ni yake. Usiku nikaketi kuisoma leseni ya chombo nilichoiandikia, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya mstari wa kwanza, nikaona kwamba nilikuwa nimejibu kama mtu asiyejua anachouza.

Nawaandikia wale wanaotaka riziki kwa kuandika programu ndogo ndogo za maduka, nyumba za wageni na vikundi vya wavuvi katika miji yetu ya pwani, na ambao wameamua kutopita barabara kuu ya PHP, Python na JavaScript. Uamuzi huo si wazimu. Kwenye barabara kuu kuna kazi nyingi, lakini kila aliyetoka chuo Mombasa au Malindi yuko huko huko, na mteja anawapima kwa bei tu. Kwenye lugha yenye watu wachache mtu mmoja anaweza kukamilisha kazi peke yake, haraka, bila kusukumana na yeyote. Tatizo liko upande wa pili: asiye na mshindani mara nyingi hana mrithi pia. Mteja mwenye akili atakuuliza nani ataishika kazi yako ukihamia Nairobi au ukifa, na una haki ya kumwuliza mwenye lugha yako swali hilo hilo.

Nimezitumia tatu kwa kazi za kulipwa: Delphi, Lazarus na Elixir. Mbili za kwanza ni ndugu, ya tatu ni mgeni kabisa.

Pascal, nyumba mbili

Delphi na Lazarus zote zinazungumza Pascal, lugha aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970 akiwa chuo cha ETH mjini Zürich, kwa nia ya kufundishia. Iliingia sokoni kwa kishindo mwaka 1983, kampuni ya Borland ilipotoa Turbo Pascal kwa dola 49.95 wakati kompaila nyingine, yaani programu za kugeuza maandishi ya fundi kuwa programu inayoendeka, zikiuzwa kwa mamia ya dola. Aliyeiandika kompaila hiyo, Anders Hejlsberg, ndiye aliyekuja kuongoza ubunifu wa Delphi, iliyotoka Februari 1995, kabla hajaenda Microsoft kuunda lugha za C# na baadaye TypeScript. Kwa hiyo anayekwambia Pascal ni lugha ya makumbusho mwulize anaandikia nini, huenda anatumia kazi ya fundi yule yule.

Uzuri wa Delphi, toka siku ile hadi leo, ni kwamba unachora dirisha kwa kuweka vitufe na majedwali kwa mkono, unabonyeza mara moja, unapata faili moja la kuendeshea programu. Faili hilo unalitia kwenye flashi, unapanda boti hadi Shela, unalinakili kwenye kompyuta ya mapokezi, basi. Huna haja ya kumwekea mteja mfumo mwingine kumi chini yake. Kwa mji ambao mtandao hukatika na mafundi ni wa kuhesabu kwa vidole, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Sasa nyumba yenyewe ina mwenyewe. Delphi ilikuwa mali ya Borland, mwaka 2008 ikauzwa kwa Embarcadero, na mwaka 2015 Embarcadero yenyewe ikanunuliwa na Idera. Imebadilisha wenyewe mara mbili wapangaji wakiwa ndani. Hilo peke yake si kosa, kampuni huuzwa kila siku. Ila kuna jambo la mwaka 2001 ambalo kila mpangaji alikumbuke: Borland ilitoa Delphi ya Linux kwa jina Kylix, watu wakanunua, wakaandika programu zao juu yake, na toleo la tatu la mwaka 2002 likawa la mwisho. Msimbo wa Kylix, yaani maandishi yaliyoitengeneza, ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuokota na kuuendeleza. Waliobaki nao walibaki na jahazi zuri lisilo na fundi wa kulikalafati.

Lazarus ilizaliwa na hofu ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1993 mwanafunzi wa Kijerumani, Florian Klämpfl, alianza kuandika kompaila yake mwenyewe ya Pascal, ambayo leo ni Free Pascal, akiona Borland haitaiendeleza Turbo Pascal ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Mwaka 1999 wengine wakaanza kujenga juu yake dirisha la kuchorea linalofanana na la Delphi. Jaribio la kwanza la namna hiyo, lililoitwa Megido, lilikuwa limekufa, ndipo hili jipya likapewa jina la Lazaro aliyefufuliwa. Toleo la 1.0 halikutoka hadi 2012. Miaka 13! Hii ndiyo kasi ya watu wa kujitolea, na uijue mapema: ukikuta kosa kwenye Lazarus huna wa kumpigia simu na kumfokea. Unaandika taarifa, unangoja, au unalirekebisha mwenyewe.

Leseni, palipo na pesa

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo pa kukaa.

Delphi ina toleo la bure, Community Edition, lililoanza mwaka 2018. Ni Delphi kweli, si kivuli chake, na linakuruhusu kuuza unachoandika. Lakini lina ukomo: mtu binafsi anaruhusiwa hadi mapato yake yafike dola 5,000 kwa mwaka. Kampuni nayo inaruhusiwa ikiwa mapato yake yote hayazidi kiasi hicho na waandishi wake hawazidi watano. Leseni yenyewe ni ya mwaka mmoja, unaihuisha ikiisha.

Tupige hesabu kwa shilingi. Dola ikiwa karibu 130, dola 5,000 ni 650,000 kwa mwaka, sawa na 54,000 na kidogo kwa mwezi. Tuseme unaiuzia nyumba ya wageni programu ya kupokea wageni kwa 70,000 na unalipwa 4,000 kila mwezi za matunzo. Mwaka wa kwanza mteja huyo anakuletea 118,000. Wateja watano ni 590,000, uko salama. Wa sita anakufikisha 708,000, umevuka. Na angalia vizuri, kinachohesabiwa ni mapato, si faida. Nauli ya boti, kompyuta iliyoungua, pesa uliyomlipa kijana wa kuvuta nyaya, hakuna kinachotolewa hapo.

Ukivuka unatakiwa kununua leseni ya biashara. Toleo la Professional lina bei ya zaidi ya dola elfu moja, na Enterprise ni mara mbili ya hiyo na zaidi. Sitasema ni wizi. Mtu anayeingiza laki saba kwa mwaka kwa chombo kimoja anaweza kukilipia, kama fundi seremala anavyonunua randa ya umeme. Leseni hiyo huisha tu kwa maana ya masasisho: toleo ulilonunua unaendelea nalo, lakini matoleo mapya unayapata kwa kulipa kila mwaka. Ninachosema ni kwamba gharama hiyo inakupiga mahali pabaya, pale unapoanza kupanda, kabla hujawa na akiba.

Kuna tundu jingine ambalo vijana hulitumbukia. Ukiajiriwa na hoteli uiandikie programu ukiwa ofisini kwao, anayepimwa ni hoteli. Hakuna hoteli yenye wageni inayoingiza chini ya dola 5,000 kwa mwaka. Community Edition hapo haina kazi, hata kama mshahara wako ni mdogo namna gani.

Na la tatu: toleo hilo la bure linakuunganisha na hifadhidata zilizo kwenye kompyuta hiyo hiyo tu. Kaunta tatu za duka kusoma stoo moja kwenye seva ya PostgreSQL kwa zana zake za FireDAC ni kazi ya Enterprise. Duka la mzee wa Langoni lilikuwa na kaunta moja, kwa hiyo sikuliona. Mwanawe alipofungua tawi Mokowe na kutaka hesabu zionekane pande zote mbili, nikaliona vizuri sana.

Lazarus haina hata kimoja kati ya hivi. Kompaila ni GPL, leseni inayodai anayesambaza programu autoe wazi msimbo wake, lakini hilo halikugusi: GPL inahusu msimbo wa kompaila, haihusu unachopika nayo, kama sufuria ya jirani isivyomfanya awe mwenye pilau. Sehemu zinazoingia ndani ya programu yako, yaani maktaba za Free Pascal na za madirisha ya Lazarus, zina LGPL, ndugu mpole wa GPL, iliyoongezwa ruhusa maalumu ya kuunganishwa moja kwa moja na programu iliyofungwa. Kwa lugha nyepesi: andika, funga, uza kwa bei yoyote, kwa wateja wangapi uwapendao, na msimbo wako usimwonyeshe mtu. Wajibu unaobaki ni kwamba ukibadilisha maktaba zenyewe na kusambaza programu yako, hayo mabadiliko ya maktaba uyatoe wazi. Katika miaka yangu yote nimeigusa maktaba mara moja tu, kwa ajili ya tarehe.

Onyo ni kwamba ruhusa hiyo ni ya maktaba rasmi. Vifurushi vya ziada unavyovishusha kwenye mtandao kila kimoja kina leseni yake, na vipo vya GPL tupu. Ukiunganisha kimoja cha namna hiyo ndani ya programu unayoiuza, mteja anayo haki ya kukudai msimbo wote. Kwa hiyo kabla ya kukipachika kifurushi fungua faili la leseni, ni dakika mbili. Mimi nina daftari, kila kifurushi na leseni yake na tarehe niliyoisoma.

Upande wa hifadhidata, Lazarus inazungumza na SQLite, PostgreSQL, MySQL na Firebird bila malipo. Firebird yenyewe ni mtoto wa InterBase, ambayo Borland iliutoa wazi msimbo wake mwaka 2000. SQLite haina hata leseni ya kusoma, waandishi wake wameiacha kuwa mali ya umma.

Pale Delphi inapomshinda nduguye

Nisije nikaonekana nimelipwa na Lazaro. Delphi ina simu. Kwa msimbo mmoja unatoa programu ya Windows na ya Android, na ikibidi ya iPhone, na Community Edition inakuruhusu hayo. Lazarus inaweza kufika kwenye Android, lakini kwa njia ya vichochoroni kama vya Mkomani: utafika, ukijua pa kukata kona. Kama mteja wako anataka mabaharia wake wapokee oda kwenye simu na ofisi iione kwenye kompyuta, Delphi itakuokoa miezi.

Pia mambo madogo yamekamilika zaidi. Nilitengeneza programu ya Lazarus inayotuma ankara kwa mfumo wa eTIMS wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikafanya kazi nyumbani kwangu wiki nzima. Nikaipeleka Shela, nikaifungua mbele ya meneja na wageni wawili wanaongoja kulipa, ikagoma: haikuipata maktaba ya OpenSSL. Free Pascal kwenye Windows inazihitaji faili mbili za OpenSSL zikae karibu na programu ndipo izungumze kwa HTTPS, njia salama ya mtandao. Kwangu zilikuwepo kwa sababu ya programu nyingine, kwake hazikuwepo. Risiti ziliandikwa kwa kalamu hadi saa tisa. Delphi inatumia huduma ya Windows yenyewe kwa kazi hiyo, hilo lisingenitokea. Tangu hapo hakuna safari ya boti bila faili zile mbili kwenye flashi.

Na faili la Lazarus ukilitoa bila kuondoa taarifa za kutafutia makosa hufika megabaiti 20 na zaidi. Ukiziondoa hushuka hadi chache. Wanaoanza huogopa bure.

Lakini Delphi yenyewe, yaani ile sehemu unayoandikia, inaishi kwenye Windows tu. Lazarus naifungua kwenye laptopu kuukuu yenye Linux na RAM ya gigabaiti 4 na inatembea bila kulalamika. Ukipenda hata kwenye Raspberry Pi. Umeme unapokatika katikati ya kazi na betri imebaki robo, chombo chepesi ni rafiki.

Kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunawezekana. Lazarus ina zana ya kugeuza mradi wa Delphi, na madirisha yalihama karibu yote. Kilichonila wiki tatu ni hifadhidata, kwa kuwa FireDAC haipo upande wa pili, na maandishi, maana Delphi ya sasa huyashika kwa UTF-16 na Lazarus kwa UTF-8, namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi. Ushahidi mkubwa kuliko wangu ni Total Commander, programu ya kupangia mafaili inayouzwa na Mswisi Christian Ghisler tangu miaka ya tisini: toleo lake la biti 32 limeandikwa kwa Delphi, na la biti 64 kwa Lazarus. Huyo ni mtu aliyekula kwa programu moja miaka zaidi ya 30, na alipohitaji kuvuka alivukia huko.

Elixir, kwa kisichotakiwa kulala

Kikundi cha wavuvi walikuja na shida tofauti. Samaki wanapimwa asubuhi, changu kwa bei yake, nguru kwa bei yake, kamba kwa bei yake, wanunuzi wanalipa kwa M-Pesa, na wavuvi wanataka kujua papo hapo nani amelipa. Mfumo wa Daraja wa Safaricom unafanya hivi: malipo yakikamilika, mfumo huo unatuma ujumbe kwenye seva yako. Seva ikiwa imelala ujumbe umekupita, na mwenye samaki anabaki anabishana na mnunuzi juu ya mizani. Programu ya dirisha ya Pascal kwenye kompyuta ya ofisi si mahali pa kazi hii. (Free Pascal inaweza kuandika seva, nimefanya, sikufurahia.)

Elixir imesimama juu ya Erlang, lugha ya Ericsson ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Joe Armstrong na wenzake kwa ajili ya mitambo ya simu. Ndani yake kazi hugawanywa kwa michakato midogo maelfu kwa maelfu, kila mmoja na kumbukumbu yake, na juu yao wapo wasimamizi. Mchakato ukianguka, msimamizi anauinua mwingine na wengine hawajui kilichotokea. Malipo mabovu ya mnunuzi mmoja hayaangushi mizani ya wengine. WhatsApp ilijengwa kwa Erlang, na Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi wachache mno. Wavuvi wetu hawafiki mia, kwa hiyo nguvu hatukuikosa.

Historia ya leseni yake ndiyo inayonipendeza. Mwaka 1998 kitengo kimoja cha Ericsson kilipiga marufuku Erlang kwa bidhaa mpya. Hawakutaka kufungwa na lugha ya nyumbani ambayo hakuna mwingine duniani aliyeitumia. Desemba ya mwaka ule ule msimbo ukatolewa wazi. Baba alimkana mtoto, mtoto akatoka akatafuta maisha, na baba akaja kumrudia baadaye. Mwaka 2015 Erlang ikahamia leseni ya Apache 2.0, ambayo pia ndiyo ya Elixir, lugha aliyoianzisha Mbrazili José Valim. Phoenix, fremu ya kujengea tovuti kwa Elixir, ina leseni ya MIT. Masharti ya zote ni mepesi: tumia, badilisha, funga, uza, mradi ukisambaza nakala uhifadhi tangazo la hakimiliki na leseni. Apache inaongeza jambo moja: waliochangia msimbo wanakupa pia ruhusa ya hataza zao, na ukienda mahakamani kuwashtaki kwa hataza juu ya kazi hiyo, ruhusa hiyo inakutoka.

Kibiashara Elixir inageuza mkataba wenyewe. Pascal unauza nakala, Elixir unauza huduma. Programu iko kwenye seva unayoikodi, mteja anaifungua kwa simu na kulipa kila mwezi. Seva ndogo hupatikana kwa dola chache kwa mwezi, lakini ni dola, na zinakatwa kadi yako hata mwezi ambao bahari imechafuka na hakuna aliyetoka. Kusi likivuma, wavuvi hawapati, na wewe hulipwi. Nimejifunza kuandika mkataba wa mwaka mzima badala ya mwezi, wakilipa zaidi msimu wa kaskazi.

Ubaya wake ni mtandao. Ukikatika Shela, aliye mapokezini hawezi hata kuona chumba kipi kiko wazi. Sitaiweka Elixir peke yake kwenye kaunta ya duka lolote la kisiwani. Pili, kuifikiria kunataka miezi, kwa kuwa thamani ikishaundwa haibadilishwi, unaunda mpya, tofauti na ulivyozoea. Tatu, wa kukurithi: wanaoijua Elixir hapa mjini namjua mmoja, na ndiye anayeandika haya.

Kazi za mbali

Ukitaka kuajiriwa na watu wa nje ukiwa umekaa hapa hapa, mpangilio unageuka. Lazarus karibu haina matangazo ya kazi. Delphi inazo, nyingi za kutunza mifumo ya zamani ambayo kampuni haithubutu kuigusa, kazi isiyo na sifa lakini inalipa. Afrika Kusini ina Delphi kwenye somo la teknolojia ya habari la sekondari, kwa hiyo si lugha ya Wazungu wazee peke yao kama wengi wanavyodhani. Elixir ndiyo yenye kampuni changa. Discord, kwa mfano, inaitumia. Lakini wanaotangaza nafasi hizo hupenda mwenye uzoefu, na njia ya kuupata ni kuwa na mfumo wako unaoishi. Ule wa wavuvi ulinisaidia kwenye mahojiano kuliko cheti chochote.

Usiingie kwenye lugha ya mtu mmoja

Kuna waliovutwa na lugha ndogo nzuri zaidi ya hizi. Nawapa kisa cha REBOL. Carl Sassenrath, aliyeandika kiini cha mfumo wa kompyuta ya Amiga, aliitoa mwaka 1997: ndogo ajabu, nyepesi kusoma, na Douglas Crockford ameitaja miongoni mwa vilivyompa wazo la JSON, namna ya kuandika data ambayo programu nyingi hupeana. Lakini msimbo wake ulifungwa na matoleo yenye nguvu yakauzwa. Ulipofunguliwa Desemba 2012 kwa Apache 2.0, wengi wa wapenzi wake walikuwa wamekwisha kata tamaa au kuhamia Red, ambayo Nenad Rakocevic aliianza mwaka 2011. Erlang ilifunguliwa mapema, ingali hai. Ndiyo maana naisoma leseni ya lugha kabla ya kusoma sarufi yake.

Leseni yako wewe kwa mteja

Hili halihusu lugha lakini limewaumiza wengi kuliko lugha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na inalindwa tangu ilipoandikwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kazi uliyoagizwa kuifanya, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukipeana mkono na mwenye duka bila karatasi, huenda programu ni yake kweli, na huna ruhusa ya kuiuza kwa duka la jirani.

Karatasi yangu ina ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mteja ana haki ya kudumu ya kuitumia programu katika biashara yake. Hakimiliki ya msimbo inabaki kwangu. Nakala ya msimbo wote, pamoja na kompaila iliyoutengeneza, iko kwenye flashi ndani ya bahasha iliyotiwa saini, kwa wakili au mtu tunayemwamini sote wawili, na anapewa mteja nikifa, nikihama au nikiacha kazi kwa miezi sita. Bahasha hiyo ina maana kwa Lazarus kwa sababu kompaila naweza kuiweka humo kihalali na yeyote akaitumia. Kwa Delphi naweza kuweka msimbo wangu tu, na atakayeufungua atatafuta leseni yake mwenyewe. Kwa Elixir inatosha, ukiongeza nywila za seva.

Ningekuwa naanza leo

Kaunta, stoo, mapokezi, kitu chochote kinachotakiwa kufanya kazi mtandao ukiwa umezima: Lazarus, bila kufikiri mara mbili. Malipo na ujumbe wa simu: Elixir, ikiwa una miezi minne ya kujifunza na mteja mmoja aliye tayari kungoja. Duka la mzee sasa linatumia zote mbili, Lazarus kwenye kaunta na Elixir ikiunganisha Langoni na Mokowe, mtandao ukirudi zinasalimiana.

Delphi ningeichukua kwa mambo mawili: mteja anayetaka simu na kompyuta kwa msimbo mmoja na yuko tayari leseni iingie kwenye bei, au kazi ya kutunza mfumo wa Delphi uliokwishakuwepo. Kujifunzia pia si mbaya, Community Edition ikiwa bure, na Pascal utakayoijua utahama nayo. Ila weka hesabu ya mapato yako tangu shilingi ya kwanza, kabla mteja wa sita hajabisha hodi.

Kwa mzee nilirudi na ile karatasi ya ukurasa mmoja. Nikamweleza: kutumia ni haki yako, msimbo ni wangu, bahasha iko kwa wakili, na wa Marekani hana chake humu. Akavaa miwani, akaisoma yote kwa kidole, akatia saini. Kisha akauliza kama hizo roli za karatasi za printa nazo ni za bure.